Ngome ya Alnwick na Mafundi Wake

Ngome ya Alnwick imesimama kaskazini mwa Uingereza, juu ya mto Aln, si mbali na mpaka wa Uskoti. Ilianza kujengwa baada ya Wanormani kuiteka nchi, katika karne ya 11. Mwaka 1174 mfalme William wa Uskoti alikamatwa hapo akiwa ameizingira. Henry Percy aliinunua mwaka 1309, na hadi leo ni makazi ya ukoo wake.

Lango lake ndilo linaloonyesha kazi yake ya zamani: njia nyembamba kati ya kuta mbili ndefu, ambamo adui angebanwa na kushambuliwa kutoka juu. Kuta hizo zimepambwa kwa sanamu za mawe za wapiganaji, nyingi zikiwa za karne ya 18.

Ndani mambo ni mengine kabisa. Katika miaka ya 1850, Duke wa nne wa ukoo huo, Algernon Percy, alimpa msanifu majengo Anthony Salvin kazi ya kuijenga upya. Nje Salvin alihifadhi sura ya vita, akaongeza mnara mkubwa. Ndani vyumba vilipambwa kwa mtindo wa Italia. Jambo la kupongezwa zaidi ni kwamba vijana wa huko walifundishwa kuchonga mbao papo hapo, chini ya fundi kutoka Italia. Dari zenye nakshi nzito, milango na mbao za kufungia madirisha vilitoka mikononi mwao. Hao ndio wanaostahili sifa kuliko mabwana waliolipa gharama.