Sekunde Ishirini za Mwanga wa Bluu

Mama wa Mabogini, mkulima wa mpunga, amelala kwenye kiti cha kliniki mjini Moshi. Gego lake limeshachimbwa sehemu iliyooza, na vipande vya pamba vimezingira pande zote. Mate yakiingia, gundi haishiki.

Gego hilo lina madoa ya kahawia. Sehemu nyingi za Kilimanjaro na Arusha maji yana floridi nyingi kutoka kwenye miamba ya volkano, na enameli ya jino lililokuzwa na maji hayo huikaidi asidi. Ndiyo maana daktari anapaka jeli ya asidi ya fosforiki kwenye enameli ya ukingoni na kungoja muda mrefu kuliko kawaida, kisha anaipaka ndani kwa sekunde 15 tu. Anaosha, anakausha kidogo, anapaka gundi, anaimulika.

Kompoziti ya kuzibia tundu ni utomvu laini wenye chembe za kioo. Ndani yake mna kamforakwinoni, kemikali ya manjano inayoamshwa na mwanga wa bluu wa nanomita zinazokaribia 468. Anaweka tabaka lisilozidi milimita 2, kwa mshazari, likiegemea ukuta mmoja wa tundu. Mwanga hauzami mbali, na kompoziti ikiganda hunywea kwa asilimia 2 hadi 3 hivi. Ukijaza tundu zima kwa mkupuo, chini hubaki laini na ukingoni hufunguka ufa. Juu kutang'aa vizuri tu, na mgonjwa atalipa akishukuru.

“Fumba macho, mama.”

Anafuta ncha ya taa, anaegemeza kidole kwenye jino la jirani ili mkono usitikisike, kisha anaisogeza ncha hadi karibu kugusa, ikiwa imenyooka. Ikirudi nyuma milimita chache au ikiinama, nguvu inayofika jinoni inapungua. Wengi huwasha na kutazama pembeni, mkono ukahama bila wao kujua. Yeye anaitazama kazi kupitia kinga ya rangi ya chungwa mpaka sekunde 20 ziishe. Tabaka la pili. Sekunde 20 tena.

Zipo taa zinazoanza na mwanga hafifu ili mnyweo uje taratibu. Maabara zinazisifu kuliko vinywa vya wagonjwa. Mimi naamini zaidi kile kidole. Taa ya daktari huyu ni ya LED, ya betri, umeme ukikatika anaendelea. Hata hivyo huipima kwa kipima mwanga, kwa sababu taa iliyochoka nayo huwaka bluu.

Mwisho anamng'atisha mama karatasi ya rangi, anasawazisha palipozidi, anapiga msasa. Nawe ukiketi kwenye kiti kama hicho, tafadhali usimharakishe daktari anayerudia mwanga.