Silinda ya Katikati kwenye Land Rover One Ten

Ukiingia uvunguni mwa Land Rover One Ten ya miaka ya 1980, iliyozoea kupanda mwinuko wa Rondo na magunia ya ufuta au korosho, huenda ukakuta kitu ambacho Land Rover za zamani hazina: silinda nene iliyosimama katikati, juu ya ekseli ya nyuma. Ni rahisi kuiita shokapu ya tatu. Sivyo.

Anza kwa kuhesabu. Shokapu mbili za nyuma zipo mahali pake, moja kila upande, kwa hiyo kazi ya kutuliza mtikisiko ina wenyewe. Kisha fuata ncha za silinda. Ya chini imeshikana na boljointi ya mkono wenye umbo la A unaounganisha ekseli na chesisi; ya juu imefungwa kwenye chesisi. Mwisho tafuta kisichokuwepo: haina bomba wala waya. Hiyo ni Boge Hydromat ya Ujerumani, kazi yake kusawazisha kimo cha gari. Range Rover ilikuwa nayo tangu 1970, na baadhi ya One Ten zikaipata baada ya modeli hiyo kutoka mwaka 1983 ikiwa na koili springi.

Gari likipakiwa, nyuma hushuka. Likitembea, ekseli inapopanda na kushuka huifanya silinda ijipige pampu yenyewe: mafuta hukandamiza gesi iliyofungiwa ndani, shinikizo linaongezeka, na nyuma inainuka. Kwa hiyo gari lililosimama halinyanyuki.

Kipimo chake kinatokana na hapo. Pakia mzigo, pima kutoka kitovu cha gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, endesha kilomita kadhaa kwenye barabara yenye mashimo, kisha pima tena. Kimo kisipoongezeka, au mafuta yakivuja, silinda imekufa.

Kuing'oa na kuacha springi zilezile ni kosa. Springi za gari hili ni laini kwa makusudi, kwa kuwa silinda hubeba sehemu ya mzigo. Kwenye mwinuko wa Rondo, gari lililolalia nyuma hupunguza uzito mbele na usukani hupoteza mshiko. Nunua silinda nyingine, au itoe na uweke springi ngumu zaidi pande zote mbili. Usiipasue wala kuikata kwa moto: hata ikiwa imekufa, ndani inaweza kuwa na gesi yenye shinikizo kubwa.