Mtoto wa Homa Bay Si Mtu Mzima Aliye Mbali

Tumezoea kuhakiki riwaya na filamu. Leo nataka kuhakiki mwili. Unaitwa SMPL, ulitungwa mwaka wa 2015 na watafiti wa taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, na uso wake umesukwa kwa nukta 6,890. Zile programu zinazochukua picha ya kawaida ya simu na kukutolea mtu wa pande tatu unayeweza kumzungusha na kumchezesha, nyingi huyo ndiye babu yao.

Kama utunzi, ni kazi safi bana. Namba kumi hivi zinatosha kumnenepesha, kumrefusha, kumpanua mabega. Na kwa kuwa picha moja haionyeshi mgongo, wala kilichofichwa na dera, programu hujaza pengo kwa kile inachokijua tayari kuhusu miili.

Miili ya nani sasa? Watunzi hawakuficha: maumbo yalitokana na watu wazima waliopigwa skani Marekani na Ulaya, takriban wanaume 1,700 na wanawake 2,100. Sisemi ati Mjaluo ana mifupa ya ajabu. Nasema hata wastani una kwao.

Kinachonikera zaidi ni watoto. Piga picha ufukweni Homa Bay: mama anaanika omena, kando yake kasimama mtoto wa miaka minne. Kamera moja haijui umbali. Mfupi aliye karibu na mrefu aliye mbali hutoka sawa. Modeli iliyowahi kuona watu wazima peke yao itaamua nini? Kwamba huyo ni mtu mzima aliyesimama kule nyuma, pengine ndani ya ziwa! Watafiti wanalijua tatizo hili, na modeli za watoto zilikuja baadaye, ila ile ya watu wazima ingali inatumika kila mahali.

Hapo hapo Homa Bay kuna waliojizuia. Mwaka wa 2023 wanasayansi walitangaza walichofukua Nyayanga: zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, na magego mawili ya Paranthropus, jamaa wa mbali wa binadamu. Magego mawili tu, na wakayaita magego mawili.

Fundi wa cherehani pale Migori naye, ukimwonyesha picha ya gauni kwenye simu, ataisifu, kisha atakuzungushia tepu kifuani, kiunoni, nyongani. Picha inampa mtindo. Kipimo anakitoa kwako, na gauni likibana unamrudishia Jumatatu mkigombana.

Wanaotuuzia vipimo vya mwili kwa kamera nawadai kitu kidogo: palipokisiwa paonekane. Mgongo ambao kamera haikuuona, waupake rangi tofauti.