Mito ya Mchanga na Nchi Iliyoitwa Tupu

Kitabu ninachokihakiki hapa ni Sand Rivers cha Peter Matthiessen, kilichotoka mwaka 1981 kikiwa na picha za Hugo van Lawick. Nilikisoma wakati wa likizo, nyumbani Mpitimbi, Songea. Jioni, baada ya kazi za shamba, nilikuwa nikimfasiria babu yangu ukurasa mmoja mmoja. Nayasema haya mapema kwa sababu hoja ya makala haya haikuanzia maktaba. Ilianzia kwenye swali la babu.

Kwanza tumjue mwandishi. Matthiessen alizaliwa New York mwaka 1927, akafariki mwaka 2014. Alikuwa mtunzi wa riwaya na papo hapo mchunguzi wa viumbe. Aliwahi kupata tuzo ya National Book Award ya Marekani kwa riwaya, na pia kwa maandishi yasiyo ya kubuni. Van Lawick, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1937 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2002, aliishi miaka mingi Serengeti akipiga picha za wanyama. Mwaka 1979 wawili hao waliingia Selous, lile pori kubwa linalopakana na mkoa wetu wa Ruvuma. Aliyewaongoza ni Brian Nicholson, ambaye huko nyuma alikuwa mkuu wa hifadhi hiyo.

Kwa upande wa fani, jamani, tuseme ukweli: huyu bwana anajua kuandika. Mkono wa mtunzi wa riwaya unaonekana hasa katika kumchora Nicholson. Mwanzoni tunamwona mkali, mwenye uchungu, asiyependa maswali. Kadiri safari inavyoendelea, na hasa wanapoacha magari na kutembea kwa miguu pamoja na wapagazi, anafunguka kidogo kidogo. Si mhusika bapa hata kidogo. Mwandishi hamsifu kupita kiasi wala hamhukumu; anamwachia aseme mwenyewe.

Taabu inaanza tukija kwenye maudhui. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua mtu wa namna hii. Ndiye kauboi wa senema: mwanamume mmoja, bunduki moja, nchi pana isiyo na mtu, na hasira dhidi ya wakubwa wa mjini. Nicholson anaingia katika umbo hilo kama mguu unavyoingia katika kiatu chake. Lakini ili kauboi apite peke yake, lazima nchi iwe tupu. Kule Marekani tunajua ilivyofanywa kuwa tupu: wenyeji waliondolewa kwanza, hadithi ikatungwa baadaye. Je, huku kwetu?

Nilipofika mahali pori linaposifiwa kwa kutokuwa na watu, babu alinikatiza. "Sasa mjukuu wangu, wenyewe walikwenda wapi?" Nikamjibu kwamba huenda hawakuwapo. Akacheka. "Nchi yenye maji haikosi mtu."

Historia inamuunga mkono mzee. Katika Vita vya Majimaji, 1905–1907, Wajerumani walichoma mazao na maghala kusini kote. Songea mjini, tarehe 27 Februari 1906, waliwanyonga watu 67. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Mtaalamu Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, ameeleza jinsi pori lilivyorudi na mbung'o wake pale watu walipopungua. Kisha, katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza ilihamisha vijiji vya upande wa Liwale kwa sababu ya malale, na eneo la hifadhi likapanuka. Bwana nyama wa huko alikuwa C.J.P. Ionides, yule mshika nyoka maarufu, ambaye ndiye aliyemlea Nicholson katika kazi. Kwa hiyo utupu ule si wa tangu kuumbwa kwa dunia. Una tarehe.

Sidai kwamba Matthiessen haijui historia. Ninachokisema kinahusu uzito. Maisha ya Ionides yanasimuliwa kama ya shujaa wa tendi. Waliohamishwa hawapati hata mhusika mmoja wa kuwasemea. Picha nazo zinafuata njia hiyohiyo: ni nzuri mno, lakini kamera iliyozoea kumsubiri mnyama haina shughuli na mahame.

Rafiki yangu mmoja hapa chuoni amenibishia: bila watu kama Ionides, tembo wangekwisha zamani. Hoja yake ina nguvu. Miaka ya 1970 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu. Tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mimi sisemi ifunguliwe kwa majembe. Tembo walindwe. Ila kulinda pori ni jambo moja, na kulisimulia kana kwamba halikuwa na wenyewe ni jambo jingine. La kwanza ni kazi ya askari wa wanyamapori. La pili ni kazi ya fasihi, na hapo mhakiki ana haki ya kuuliza.

Tulipomaliza kitabu, babu alikaa kimya kwa muda, halafu akasema: "Amesema vizuri mzungu wako. Na hao waliombebea mizigo, kitabu chao kiko wapi?"

Swali hilo Matthiessen hawezi kulijibu. Alisimulia safari yake, akaimaliza. Wa kujibu ni sisi tunaosoma fasihi hapa, ambao kila likizo tunapanda basi la Songea na kurudi chuoni na mahindi ya kuchoma, bila hata ukurasa mmoja wa maneno ya wazee wetu.