Wengi Hupaka Rangi Mahali Wasipopaona

Wawindaji wa Marekani wanaotumia upinde wa mti usio na kifaa cha kulengea wana shida ambayo mwenye bunduki ya darubini haijui. Jua likishazama, kulungu bado anaonekana lakini mshale wenyewe umepotea. Kulungu wa mkia mweupe hutoka vichakani hasa alfajiri na magharibi, na majimbo mengi ya nchi ile huruhusu kumpiga kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Yaani saa ya wanyama wengi ndiyo saa ya mwanga haba. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama: chembe cha mshale hupakwa rangi. Wapakaji ni wengi. Wanaopaka sawasawa ni wachache, kwa sababu watu hushika brashi kabla ya kujiuliza jicho huona nini pale upote unapofika shavuni.

Tuanze na kulenga. Upinde wa magurudumu, uliobuniwa na Holless Wilbur Allen wa Missouri na kupewa hataza mwaka 1969, kwa kawaida hufungwa pini ndogo za kulengea, na nyingi siku hizi zina nyuzi laini zinazokusanya mwanga na kuutoa kwenye nukta moja. Upinde wa mti hauna anasa hiyo. Mpigaji huvuta hadi pembe ya mdomo, jicho likawa sentimita kama 10 juu ya mshale, na ncha ya mshale ndiyo inayomwonyesha pa kupiga. Kwa kuwa mshale uko chini ya jicho, kwa masafa ya karibu akiielekeza ncha kwenye moyo wa mnyama mshale utapita juu. Inambidi aishushe. Kwa mita 18, pengo kati ya ncha na shabaha, ukilipima pale aliposimama mnyama, linaweza kufika nusu mita au kuzidi. Kila upinde na kila mkono una pengo lake.

Aliyeieleza njia hii kwa ufasaha ni Howard Hill, mpiga upinde aliyepiga mishale ya filamu ya Robin Hood ya 1938 na kisha akaja Afrika kutengeneza filamu aliyoiita Tembo, ya 1952. Kwa Hill, jicho hukaa kwenye shabaha tu, halihami. Ncha huonwa kwa pembeni, chini kidogo, bila kutazamwa. Huo ndio msingi wa uchambuzi wote unaofuata, kwa sababu kitu kinachoonwa kwa pembeni magharibi hakifuati kanuni za kitu kinachotazamwa mchana.

Ndani ya jicho kuna seli za namna mbili zinazopokea mwanga. Koni huona rangi na huhitaji mwanga wa kutosha. Rodi hazibagui rangi, lakini hufanya kazi gizani. Katikati kabisa ya retina, kwenye eneo la zaidi kidogo ya digrii moja, hakuna rodi hata moja. Ndiyo maana nyota hafifu hutoweka ukiitazama moja kwa moja na kurudi ukiitazama kwa upande. Sasa piga hesabu: nusu mita kwa umbali wa mita 18 ni digrii moja na nusu hivi. Ncha ya mpigaji wa njia ya Hill inaangukia nje ya eneo lile lisilo na rodi. Kumbe rodi zinaiona, na rangi inayofaa ni ile inayozipendeza rodi.

Hapo ndipo nyekundu inaposhindwa. Mchana jicho huona vyema zaidi mwanga wa nanomita 555, ambao ni kijani cha manjano. Giza likiingia kilele hicho huteremka hadi nanomita 507, upande wa kijani cha bluu. Mcheki Purkyně alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 19, alipoona maua mekundu yakifa rangi alfajiri huku majani yakibaki angavu. Pamoja na hayo, maduka yanauza vyembe vyekundu kwa wingi, na wanunuzi huvisifu kwa kuvitazama mezani chini ya taa. Chembe chekundu saa moja kasoro robo jioni ya vuli, chini ya miti, ni cheusi. Machaguo ni mawili tu: nyeupe, au manjano ya kijani ya fluoresenti, ile ya vizibao vya bodaboda na askari wa barabarani.

Fluoresenti ina faida yake magharibi. Jua likizama, mwanga unaobaki hutoka mbinguni na umejaa bluu. Rangi hii humeza bluu pamoja na urujuanimno usioonekana, kisha hurudisha manjano ya kijani. Hivyo inatoa manjano ya kijani zaidi ya iliyopokea, jambo ambalo rangi ya kawaida hailiwezi. Waliozifikisha rangi za namna hii sokoni ni ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, walioanza majaribio yao miaka ya 1930. Lakini isichukuliwe kuwa taa. Mbingu ikizima, nayo imezima. Na ina sharti moja ambalo mafundi wa haraka hulipuuza: rangi yenyewe haizibi vizuri, mwanga hupenya. Ukiipaka juu ya uti wa mshale, ule mweusi wa kaboni, bila kupiga nyeupe kwanza, utapata kijani cha tope.

Sasa mahali pa kupaka, na hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Tulichokiita ncha ni mwisho wa mshale kama jicho linavyouona; ncha kali yenyewe mpigaji haioni. Anauona mshale kutokea nyuma na juu kidogo: jicho liko sentimita 10 juu, chembe kiko sentimita 70 mbele, kwa hiyo mshale umelala mbele yake kwa mlalo wa digrii 8 hivi. Anachokiona ni mabega ya chembe, yaani kingo za nyuma za visu, na kile kikopo kinachomeza mwisho wa uti. Ile ncha kali anayoipaka kwa uangalifu imefichwa na chembe chenyewe. Anayeitazama vizuri ni kulungu.

Ongeza ukungu wa jicho. Jicho limejipanga kuona mita 18. Kitu kilicho umbali wa sentimita 70 lazima kififie kingo. Mchana mboni ni ndogo na ukungu huo ni mdogo. Magharibi mboni ikifunguka milimita 6, kila nukta ya chembe hutanuka ikawa doa la karibu milimita 6. Uti wenyewe una unene wa milimita 8. Chukua utepe wa sentimita 1 uliozungushwa nyuma ya chembe, kama ninavyouona kwenye mishale mingi: kwa mlalo ule wa digrii 8 unaonekana na urefu wa milimita moja na nusu, na ukungu unaumeza wote. Utepe wa sentimita 5 huonekana kama milimita 7. Huo unabaki. Tofauti kati ya mshale unaoonekana na usioonekana ni urefu wa rangi, wala si ukali wake.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Funga chembe butu cha mazoezi, vuta upote hadi mwisho, na mwenzako atie alama ya penseli mahali uti unapokutana na mshiko wa upinde. Toka kwenye alama hiyo hadi kwenye mabega ya chembe ndiyo nafasi yako. Piga msasa mwepesi, futa mafuta kwa spiriti, piga mkono mmoja au miwili ya nyeupe, acha ikauke kabisa, kisha fluoresenti. Wako wanaotumia rangi ya kucha, na inashika vizuri kwenye chuma. Mabega yapakwe upande wa nyuma; makali yaachwe wazi. Uzito wa rangi hauna la kuogopesha kwa chembe cha greni 125, ambacho ni gramu 8 hivi. Rangi iliyopanda kwenye kisu, hiyo ndiyo hasara, kwa sababu upinde huua kwa kukata.

Kama nafasi haitoshi, usikimbilie kununua uti mrefu zaidi. Uti ukirefuka hupinda zaidi unapoachiwa, na mshale uliokuwa ukienda sawa utaanza kuyumba. Utakuwa umenunua mwonekano kwa kuuza shabaha. Heri rangi ya sentimita 3 pamoja na mabega yaliyopakwa vizuri.

Kuna mandhari pia. Pengo la nusu mita maana yake ni kwamba chembe huonekana juu ya miguu ya mnyama, nyasi na majani makavu, wala si juu ya ubavu wake. Rangi ishindane na ardhi. Theluji ikianguka nyeupe haifai kitu, na kaboni nyeusi isiyopakwa ndiyo bora.

Rangi zinazong'aa gizani baada ya kumulikwa tochi sizipendekezi. Zinakuwa kali mno dakika za mwanzo, zinavuta jicho kutoka kwenye shabaha, kisha hufifia wakati unaozihitaji. Heri kusogea karibu: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wanaovizia usiku kando ya maji mwishoni mwa kiangazi, huipunguza shida yote hii kwa kukaa karibu.

Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, atayatumia haya kwenye gunia la mazoezi, na wa Tanzania asiingie porini bila kibali. Kwa vyovyote, jaribu rangi yako dakika 20 baada ya jua kuzama, si chini ya taa ya sebuleni. Chembe kikikuvuta jicho kuliko shabaha, umezidisha, chubua kidogo. Na kama chembe kinaonekana lakini bega la mnyama limekuwa kivuli, shusha upinde, hata kama dakika za sheria hazijaisha.