Ufundi wa Kutunga Swali

Mtihani mzuri wa darasani huanza na jedwali la utahini: mada hupangwa upande mmoja, ngazi za fikra juu, na alama hugawanywa kwa kufuata vipindi vilivyofundishwa. Ngazi hizo zilipangwa na Benjamin Bloom na wenzake mwaka 1956: maarifa, ufahamu, matumizi, uchambuzi, usanisi na tathmini. Toleo la 2001 liliweka kuunda kileleni.

Ufundi wenyewe huja jedwali likishajaa. Mwalimu wa Historia wa Bagamoyo ana mada moja, misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji. Akimwambia mwanafunzi ataje bidhaa mbili, anapima kumbukumbu. Swali la namna hiyo si la kudharauliwa. Asiyejua Ujiji iko wapi hana cha kuchambua. Akimpa ramani yenye kipimio pamoja na mwendo wa wapagazi kwa siku, akadirie siku za safari, anapima matumizi. Wajerumani walihamisha makao yao ya utawala kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905. Mwanafunzi akitakiwa aamue ni lipi kati ya hayo lililoidhoofisha zaidi Bagamoyo, na kwa ushahidi gani, amefika kwenye tathmini.

Amefika, ila kwa sharti moja: hukumu hiyo isiwe imeshaandikwa daftarini. Neno “chambua” haliligeuzi swali kuwa la uchambuzi. Kama sababu tatu zilinakiliwa ubaoni wiki iliyopita, hilo ni swali la kukariri lililovaa kanzu ya kuazima. Ngazi ya swali hupimwa kwa umbali kati ya kilichofundishwa na kinachoulizwa, na umbali huo anaujua mwalimu wa darasa kuliko mtungaji yeyote wa mbali, hata wa Baraza la Mitihani.

Maswali ya kuchagua nayo yana ugumu wake, nao umo katika vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa pamoja na lile sahihi. Kwa swali la makao ya kwanza ya utawala wa Wajerumani, Dodoma humnasa anayechanganya jana na leo. Cairo haimnasi mtu.

Mwongozo wa kusahihisha huandikwa pamoja na swali, si baada ya kukusanya karatasi. Kwa swali la tathmini, alama hutolewa kwa ushahidi na hoja: aliyetetea reli na aliyetetea kuhama kwa makao wanaweza kupata alama sawa.