Dizeli ni ya Tangi, si ya Sampu

Ile video ya kijana anayemwaga oili ya Hiace yake ya mizigo mwenyewe, uani, bila fundi, imezunguka kwenye simu kiasi kwamba msomaji wa safu hii ambaye hajaiona ni yule aliyeishiwa bando. Kwa hiyo siisimulii upya. Nakwenda moja kwa moja pale alipoharibu. Oili chafu imeshatoka, nati ya sampu imeshafungwa, filta ya zamani bado iko mahali pake. Badala ya kufungua galoni la oili mpya, anachukua kidumu cha dizeli, anamimina mpaka kijiti kinasoma, anarudi kwenye usukani na kuwasha. Anasema anaosha injini. Kisha, kama vile hilo halitoshi, anakanyaga moto mara kadhaa ili uchafu utoke vizuri.

Injini yenyewe ni 1KD. Ingekuwa 2L ya zamani ningenuna kidogo nikaendelea kutazama. Kwa 1KD, sikubali.

Rudisheni nyuma mtazame dashibodi, acheni muziki aliouweka. Taa ya oili inachelewa kuzimika, na kila akiachia moto inarudi kupepesa. Taa hiyo inasema jambo moja tu: pampu inasukuma kitu chepesi mno, presha haikai. Katika nyuzi 40 za Selsiasi, oili ya 15W-40 ina mnato wa sentistoksi mia moja hivi, wakati dizeli haifiki hata 5. Krenki huelea ndani ya beringi zake juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ndio unaozuia chuma kisisage chuma. Ukiweka dizeli, utando unakatika. Halafu kuna turbo, ambayo shafti yake huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika moto ukikanyagwa, nayo haina kinga nyingine zaidi ya oili hiyo hiyo. Kijana alikanyaga. Beringi haikulia siku hiyo, ndiyo maana anaonekana akicheka. Beringi iliyochubuka huwa haina haraka. Husubiri mzigo na mlima. Siku ikinoki pale Kitonga, lawama zitakwenda kwa mwenye duka la oili.

Na hilo la mnato ni nusu ya kesi. Nusu ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu mtu yeyote aliyewahi kushusha sampu ya 1KD anaijua. Injini hii ina ugonjwa wake maarufu: washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikichoka, moshi wa mlipuko hupenya juu, ukaingia chini ya kava ya valvu na kuivuruga oili mpaka inakuwa lami. Lami hiyo, pamoja na vipande vya kaboni, hushuka kwenye sampu na kunata kwenye chujio la pampu, kile kijiwavu kilicho kwenye mdomo wa bomba la kunyonyea. Chujio likiziba nusu, gari bado linatembea. Likiziba lote, pampu inakosa oili, na krenki inakwenda.

Sasa chukua injini yenye masizi yaliyotulia kwenye kuta na pembeni mwa sampu, masizi ambayo hayakuwa yakimsumbua mtu. Mwagia dizeli, kiyeyushi, kisha tikisa. Masizi yanabanduka kwa mkupuo, na njia ya kwanza yanayokutana nayo ni lile chujio, kabla hata ya kufika kwenye filta. Kijana amechukua uchafu uliokuwa umelala akaupeleka mlangoni mwa pampu, halafu akaita kazi hiyo usafi.

Ushahidi wake ni ile dizeli iliyotoka nyeusi, aliyoinyanyua kwenye chupa ya maji mbele ya kamera. Nyeusi ile haithibitishi kitu. Oili ya zamani haitoki yote hata ungeacha nati wazi mpaka kesho. Inabaki kwenye njia za ndani, kwenye kipozeo, na kwenye filta ambayo hakuwa ameitoa. Hiyo iliyobaki inatosha kuitia weusi dizeli yote uliyomimina. Na kama oili ya zamani ilibaki, basi kwa hesabu hiyo hiyo dizeli nayo ilibaki, ikaenda kuchanganyika na oili mpya aliyoinunua kwa pesa yake.

Nimeshaandika hapa, na nitaandika tena: oili ya injini ya dizeli kuwa nyeusi ni kazi, si kosa. Oili za madaraja ya leo, CH-4, CI-4 na kuendelea, zina sabuni ndani yake na viungo vya kushikilia masizi yaelee yasigande. Zinageuka rangi mapema kwa sababu zinasafisha. Wauzaji wanaokuvutia kijiti, wakakipangusa kwenye kitambaa cheupe na kukutisha kwa weusi, wananitia hasira tangu zamani. Wenzao wanaouza vichupa vya kusafishia injini kwa dakika chache siwaweki mbali na kijana wetu. Tofauti ni lebo.

Atatokea mtu aseme mbona wazee walikuwa wakiosha kwa dizeli. Baadhi yao walikuwa, na walikuwa na sababu: oili nyingi za wakati huo hazikuwa na sabuni ya maana, sampu zilijaa uji, na injini zenyewe hazikuwa na turbo. Lakini wale waliokuwa mafundi hasa, wale wa Bedford na Leyland, na baadaye wa vipanya vya 2L na 3L, hawakuwa na haraka hiyo. Walilizungusha gari mpaka oili ikapata moto, wakafungua nati jioni, wakaacha inadondoka usiku kucha. Kama waliona uji, walishusha sampu wakaisugua kwa mkono, mezani, kila boliti kwenye kopo lake. Dizeli waliitumia hapo, nje ya injini. Leo kila mtu anataka kazi iishe kabla video haijafika mwisho.

Mengine aliyafanya sawa: alipasha injini, akaweka stendi chini ya gari asilitegemee jeki, akatia washa mpya kwenye nati, akapaka oili kwenye mpira wa filta mpya na kuikaza kwa mkono. Oili aliyochagua, 15W-40 ya CI-4, sina ugomvi nayo kwa gari lake, maana amesema halina DPF, kile kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Lingekuwa nayo ningemtaka atafute yenye alama ya DL-1, ambayo majivu yake ni machache.

Ugomvi mwingine ninao, na ni wa zamani: oili chafu aliyoimwaga kwenye mtaro nyuma ya ukuta. Mtaro huo unakwenda mahali. Rudisha kwenye galoni ile ile iliyobaki tupu, peleka gereji inayokusanya.

Kama una 1KD na umewahi kuiosha kwa dizeli, au umeinunua mkononi na hujui imepitia mikono gani, usisubiri taa ikatae kabisa kuzimika. Iwapo ukiwasha asubuhi taa ya oili inachelewa kuzimika, usilitoe gari. Shusha sampu, toa chujio la pampu ulitazame kwenye mwanga, na ukikuta kaboni, washa za nozeli zibadilishwe siku hiyo hiyo. Ukibadili oili peke yake hapo, umenunua oili tu.